Nina miaka 57, nimezoea kilomita 21. Nijaribu 42 za Moshi?

MwalimuWaMoro:

Habari zenu wanamichezo, na shikamooni mlionizidi umri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Mwaka 2019 nilipimwa presha ikasoma 170 kwa 100. Nikaanzishiwa dawa, nikaambiwa nipunguze chumvi na nitembee nusu saa kila siku. Nikawa natembea kutoka Kihonda kuelekea Mazimbu na kurudi. Baada ya miezi minne hivi miguu ikawa inataka kwenda mbio yenyewe, nikaiacha iende.

Leo nina nusu marathoni tano, tatu kati yake za Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Muda wangu bora ni saa 2 na dakika 48, na naupenda kwa sababu nimeutolea jasho. Mwaka huu nilipomaliza nilikaa kwenye nyasi za uwanja wa Ushirika, nimevua kiatu kimoja. Akaingia mama mtu mzima, kichwa cheupe pe, kifuani namba ya kilomita 42, kofia ameishika mkononi. Mwendo wake ulikuwa katikati ya kutembea na kukimbia. Nikasimama kumpigia makofi, machozi yakanitoka, na simjui hata jina. Tangu siku hiyo sina raha. Nazitaka zile 42.

Kinachonirudisha nyuma ni mambo matatu. Shemeji yangu aliniita, akanikalisha, akasema, "Ukidondoka barabarani watu watatuuliza tulikuwa wapi." Hakusema kwa ubaya, anaogopa kweli. Pili, nikipita kilomita 22 nyonga ya kulia inaanza kuuma, na siku mbili baadaye kushuka ngazi za shule ni mateso, nashuka kiubavuubavu huku watoto wananishikia madaftari.

La tatu naona haya hata kuliandika. Huwa natoka saa kumi na moja alfajiri, nimejifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi. Nikishapita kona ya mtaa naivua, naikunja mara nne, naifunga kiunoni. Miaka yote hii sijaweza kutoka mlangoni bila hiyo kanga. Kwa 21 ilitosha, maana nilikuwa narudi kabla watu hawajajaa barabarani. Mazoezi ya 42 yatanikuta nje saa mbili, saa tatu asubuhi, mama ntilie wameshawasha moto na wazazi wa wanafunzi wangu wako kituoni.

Naomba waliowahi. Mwili wa umri huu unaweza? Na kuna mtu hapa alianza 42 akiwa ameshapita miaka 55?

---

Kiboriloni64:

Marahaba mwalimu. Nina miaka 64, nilikuwa fundi magari. 42 yangu ya kwanza niliikimbia nikiwa na miaka 56. Nimeanza saba, nimemaliza sita. Hiyo moja niliishia kilomita ya 34, na ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Njia ya Moshi naijua kama uani kwangu. Unaanza alfajiri, kuna kaubaridi, unakwenda barabara kuu inayoelekea Dar es Salaam, pako karibu tambarare. Mawingu yakiwa yamekaa mbali unauona mlima wote. Pale ndipo watu wanapojiharibia. Miguu ni mizima, wenzako wanakupita, na wewe unaongeza mwendo. Kisha unarudi mjini na ndipo safari ya kupanda kwenda Mweka inapoanza. Kupanda kwenyewe si kukali, ila hakuishi. Unatoka kama mita 830 juu ya usawa wa bahari unakwenda kama mita 1,150, kahawa na migomba huku na huku, watoto wanakimbia pembeni yako na kukuacha, na jua limeshakuwa jua la Februari. Unageuzia karibu na kilomita ya 32.

Watu wakigeuza wanashangilia. Wanajua kilichobaki ni mteremko. Mwalimu, mteremko ule ndio unaovunja. Ukipanda, paja linajikunja na kusukuma. Ukishuka, linanyooka huku limebeba uzito wako wote na kukufunga breki kila hatua, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Ni kazi ileile unayoifanya kwenye ngazi za shule, ndiyo maana unaumia ukishuka na si ukipanda. Mimi nilikwama pale nikiwa nateremka, mapaja yamekuwa magogo. Nilikuwa nimevaa viatu vya mtumba nilivyonunua wiki mbili kabla. Juu vilikuwa kama vimetoka dukani, lakini sponji ya ndani ilishakauka kwa miaka ya kukaa ghalani. Nilikuwa nimevibonyeza kwa kidole gumba na soli haikubonyea, nikajisemea vitalainika. Siku hizi kiatu kisichobonyea sikinunui hata kwa bei ya bure.

Kuhusu mwili wa umri wetu, mimi naona hivi: mazoezi hautukatalii, unachodai ni mapumziko. Kijana akikimbia 25 Jumapili, Jumatatu yuko sawa. Mimi nahitaji siku tatu. Zamani nilizihesabu siku hizo kama uvivu, nikawa naumia kila mwezi. Sasa nakimbia siku nne kwa wiki na sizidishi. Safari ndefu ni Jumamosi. Naongeza kilomita mbili, wiki inayofuata mbili tena, kisha mbili, na wiki ya nne narudi chini sana. Nikifika 30 au 32, wiki tatu kabla ya mbio, naanza kupunguza. Kilomita 42 mazoezini sikimbii kabisa.

Hiyo nyonga usiiache. Kaa kwenye kiti, inuka bila kushika popote, mara 15, raundi tatu. Halafu simama kwa mguu mmoja huku unapiga mswaki. Mimi goti lilipona kwa mambo hayo mawili na si kwa dawa ya kuchua.

Na muda wako usiuzidishe mara mbili tu. Saa 2 na dakika 48 mara mbili ni saa 5 na dakika 36, na Mweka lazima atachukua chake. Piga hesabu ya saa 6 au zaidi, na kabla hujalipa waulize waandaaji muda wa mwisho wa kukaa njiani ni upi.

---

NesiWaZamu:

Mwalimu, sikupimi kwa maandishi, ila nimeshikwa na hofu uliposema dawa ya presha. Ni ipi? Kama ni ile inayokupeleka haja ndogo mara kwa mara, inatoa maji na chumvi mwilini, na wewe unakwenda kutoa vingine kwa jasho kwa saa sita. Kama ni atenolol au ndugu zake, mapigo ya moyo yanashushwa na dawa, kwa hiyo ile hesabu ya kutoa umri kwenye 220 ili kujua mwisho wa mapigo yako kwa dakika isikuongoze, sikiliza pumzi. Usiache wala kubadilisha dawa mwenyewe kwa sababu ya mbio. Nenda kliniki, mwambie daktari neno "kilomita 42" kwa mdomo wako, usimwambie "nafanya mazoezi kidogo". Omba upimwe umeme wa moyo.

Jambo la pili, nalisema kwa kila mkimbiaji ninayekutana naye: diklofenaki. Watu wanameza kabla ya mbio ili wasisikie maumivu. Ukiwa umepungukiwa maji, figo zinategemea kemikali fulani za mwili ili damu iendelee kuzifikia, na dawa hiyo inazizuia kemikali hizohizo. Kwa mwenye presha ni hatari maradufu, maana presha yenyewe inapandishwa pia. Ibuprofeni iko kundi hilohilo.

Maji nayo. Mtu anaambiwa akanywe sana, anakunywa kwenye kila meza ya maji njiani hata kiu hana. Wanaokaa njiani saa nyingi ndio wanaoponzwa zaidi, kwa sababu wana nafasi ya kunywa mengi kuliko wanayopoteza, na chumvi ya damu inazimuka. Ukiona pete inabana kidole, kichwa kinauma, unataka kutapika, usiongeze maji, tafuta wahudumu. Kunywa ukisikia kiu. Maumivu ya kifua, au yanayopanda taya na mkono, au kizunguzungu: unasimama hapohapo, hata kama zimebaki mita 500.

---

MtotoWaUjiji_Kanada:

Shikamoo mwalimu. Niko Ontario, Kanada, mwaka wa kumi na moja sasa. Karibu na ninapoishi kuna mji unaitwa Milton. Pale alikuwepo mzee Ed Whitlock, mzaliwa wa Uingereza, mhandisi mstaafu. Alikuwa anafanyia mazoezi makaburini, anazunguka njia fupi ya ndani saa mbili, saa tatu, peke yake. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni ya Toronto kwa 2:54:48. Alifariki 2017. Nimeenda kuiona ile njia. Hakuna kitu pale, ni lami nyembamba, miti na mawe ya makaburi.

Yeye alikuwa mwepesi toka ujana, kwa hiyo wa kukufaa zaidi ni Fauja Singh, mkulima kutoka Punjab aliyehamia Uingereza. Alifiwa na mtoto, akaingia kwenye mbio kutafuta pa kuuweka msiba. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa London mwaka 2000, anatajwa kuwa na miaka 89. Toronto alimaliza mwaka 2011 akiwa na miaka 100, kwa zaidi ya saa nane. Guinness hawakuiandika rekodi ile kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Niliposoma hilo nilimkumbuka babu yangu Ujiji, aliyezaliwa "mwaka wa nzige" na hakuna ofisi iliyowahi kumwamini.

Kitu kimoja cha vitendo: usingoje uchoke ndipo utembee. Kimbia dakika nne, tembea moja, tangu kilomita ya kwanza. Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, ndiye aliyeueneza sana utaratibu huo, na mimi umeniwezesha kumaliza mara mbili nikiwa na kilo 94.

---

Salma_Chumbageni:

Mdogo wangu, wenzangu wamekujibu ya miguu, mimi nitajibu ya kanga.

Nina miaka 61, niko Tanga. Nilikimbia 42 moja tu, nikiwa na 58, nikamaliza, na sijarudia. Naridhika na 21. Nakwambia hivyo kwa sababu ile siku ya mbio ni moja, lakini Jumamosi ni ishirini, na Jumamosi ndizo zilizonila. Misiba sikuhudhuria, harusi nilifika nimechelewa, wajukuu wakija nimelala. Ukiona unazipenda hizo Jumamosi zenyewe, nenda. Kama unachokipenda ni kuingia uwanjani tu, fikiri tena, na hakuna atakayekuona mnyonge.

Sasa kanga. Mimi nilikuwa navaa dera juu ya suruali, likawa linaniganda mapajani likilowa jasho, na msuguano ukanitoa vidonda. Nikampelekea fundi kanga ya pamba, nikamwambia anishonee sketi inayoishia juu kidogo ya goti, mpira kiunoni, mpasuo pembeni pande zote mbili ili hatua ifunguke. Kila mshono wa ndani akaupinda mara mbili usikwaruze. Paka mafuta ya mgando mapajani na chini ya mikono kabla hujatoka. Na upande wa kanga ya kujifunika, hiyo sikuihitaji tena, maana nilikuwa nimeshavaa.

Halafu waambie watu. Mimi nilikuwa nakimbia kwa kujificha kama mwizi, mpaka siku nilipomwambia mama muuza vitumbua wa pale njiani kwamba nitapita kila Jumamosi, asishtuke. Akawa ananiwekea maji kwenye kikombe cha bati. Mwezi wa pili binti yake akaanza kunisindikiza kwa baiskeli. Kimbia upande wa kulia, uso ukitazamana na magari, na bodaboda wa kijiweni wakikujua watakulinda.

---

MwalimuWaMoro:

Nimechelewa kurudi, tulikuwa kwenye mitihani. Ahsanteni mno.

Nesi, dawa yangu ndiyo hiyohiyo ya haja ndogo. Nilikwenda kliniki na nikalitamka neno kama ulivyosema. Daktari aliweka kalamu chini. Nimepimwa umeme wa moyo, kimetoka salama, ila amenibadilishia dawa na ametaka nirudi baada ya wiki sita na karatasi ya vipimo vya kila asubuhi. Mpaka hapo nimeruhusiwa kwenda hadi 18, si zaidi. Shemeji nilikwenda naye, akamsikia daktari kwa masikio yake. Njiani hakusema kitu. Jana kaniuliza kama viatu vyangu vinabonyea, kumbe mume wangu alimsomea maneno ya kaka wa Kiboriloni.

Ule usiku Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, niliamka saa kumi kama kawaida yangu nikakuta simu imejaa ujumbe. Saa 2, dakika 9, sekunde 48, yeye na Mjerumani muda mmoja, picha ya mstarini ikaamua. Niliirudia video ile, nikasimama kwenye zile hatua za mwisho, nikaona jinsi alivyojitupa kifua mbele. Nilitoka nikakimbia 14 siku hiyo na sikumbuki nilipita wapi. Nataka niseme tu kwamba naelewa tofauti iliyopo kati ya jambo lile na langu, na bado langu nalitaka.

Dada Salma, swali lako la Jumamosi limenikalisha. Nimefikiri wiki nzima. Jumamosi nazipenda. Napenda Uluguru inavyotoka gizani kidogo kidogo, napenda kurudi nikala viazi vitamu na chai nikiwa sijabadili nguo.

Kanga nimempelekea fundi Jumatatu. Ni ile yenye jina *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*. Akaniuliza maandishi ayakate au ayaache. Hayatoshi yote kwenye sketi, itabidi yaishie katikati. Nikamwambia aache nusu ya pili, aiweke nyuma.

Naichukua Alhamisi. Jumamosi ni kilomita 16, natoka saa kumi na mbili kamili, kukiwa kumeshapambazuka.