Naomba ushauri: pinboli ya zamani, namba hazirudi sifuri

Assalam aleikum ndugu zangu, naomba msaada kwa anayezijua hizi mashine za gemu za kutia sarafu. Nipo Malindi, nina pinboli (gemu ya kupiga kimpira cha chuma kwenye meza yenye mteremko) ya kampuni ya Gottlieb ya kule Chicago, ile ya zamani isiyo na kompyuta, ndani ni rilei (swichi zinazovutwa na umeme), koili na mota tupu, ilitoka hoteli moja huku ufuoni ilipofungwa. Umeme wake ni volti 120 so naiwasha kwa transfoma ya kushusha.

Shida ni hii, nikibonyeza kuanza, magurudumu ya namba yanayoonyesha alama za mchezaji yanarudi sifuri vizuri lakini lile la makumi linapitiliza, halisimami, na mota ya chini inazunguka tu mpaka nizime. Najua kila gurudumu lina swichi yake inayofunguka likifika sifuri, na nikimulika tochi naona ncha za hiyo swichi zimeota ukijani, hii chumvi ya bahari haina huruma jamani. Nimezifuta kwa spiriti na kipande cha kadi ngumu, ikakubali kidogo halafu ikarudia palepale. Fundi mmoja wa friji aliniambia nipulizie WD-40, nimekataa maana pale panaruka cheche na mafuta yale yanashika moto.

Sasa nauliza, zile ncha nikizisugua kwa msasa laini nitaziharibu? Ama tatizo ni vile vibati vya swichi vimepinda havifunguki sawasawa, na kama ni hivyo, navikunja kiasi gani? Naipenda sana hii mashine, nataka watoto wa mtaa waicheze. Shukran.