Gumzo la kikundi cha mtaa: dereva wa bredauni apewe bakshishi?

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Mtu mwenye bima inayolipia huduma ya barabarani, gari likizima anatumiwa bredauni bila kutoa hela pale pale. Dereva apewe kitu, au ndiyo imeshaisha kwenye bima?

Kassim: Imeisha. Ada ya mwaka umelipa, ukitoa tena unalipa mara mbili.

Fundi Juma: Kassim, taratibu. Ada inaingia kwa bima. Bima inamlipa mwenye bredauni kwa kila tukio, mara nyingi kwa kiwango cha mkataba, iwe mvua iwe jua. Mwenye bredauni ndiye anayemlipa dereva. Hela inapita mikono mitatu kabla ya kumfikia yule anayelala chini ya gari lako. Lazima? Hapana. Lakini ada yako haijamgusa moja kwa moja.

Rehema: Inategemea pia aliyekuja ni nani. Mwenye bredauni lake akija mwenyewe, bei kaipanga yeye na faida imo. Huyo asante ya mdomo inamtosha. Aliyeajiriwa ndiye bakshishi inamhusu. Na kampuni nyingine zinawakataza kupokea, kwa hiyo akisema hapana usimtupie noti dirishani. Unaweza kumponza.

Mzee Salum: Hamjambo wanangu. Na hiyo bakshishi isije ikawa chai. Maneno mawili tofauti hayo.

Rehema: Shikamoo mzee. Hatujambo. Na umegusa penyewe. Ukitoa kabla ya kazi ili akuwahishe au akupeleke asikoruhusiwa, hiyo ni chai. Ikitoka gari likiwa limeshashushwa na umelikagua, ni bakshishi.

Mzee Salum: Marahaba. Basi endeleeni.

Baraka: Kiasi je? Asilimia 10 ya bili?

Fundi Juma: Asilimia itakudanganya. Bili inapanda kwa kilometa, na kilometa ni dizeli na kukaa kwenye usukani. Kazi yenyewe iko mwanzo na mwisho wa safari. Gari lililozima kwenye lami kavu linapanda kwenye kitanda cha bredauni kwa dakika chache hata kama linakwenda mbali sana. Lililotumbukia mtaroni linaweza kula saa nzima kisha likavutwa kilometa 3 tu. Kwa hesabu ya asilimia, wa kwanza anapata zaidi ya wa pili. Haki iko wapi hapo?

Baraka: Kwa hiyo nipime nini?

Fundi Juma: Jasho na akili. Jasho unaliona mwenyewe: usiku, matope, nati zilizoshikwa na kutu. Akili ndiyo watu hawaijui, na ndiyo inayookoa gari. Ngoja niandike.

Kassim: Haya, kaeni chini, darasa limeanza 😂

Fundi Juma: Cheka tu. Dereva mzuri akifika, kabla ya kugusa waya wa winchi, ile mashine inayovuta gari kulipandisha, anauliza: giaboksi ni otomatiki? Gari linaendeshwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma au yote manne? Si udadisi. Kwenye otomatiki nyingi pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha yanaburuzwa chini, gia zinasagana bila mafuta ya kutosha. Unafika gereji na hitilafu mbili badala ya moja. Gari la magurudumu yote manne libebwe lote kitandani. La umeme vilevile, maana magurudumu yakizunguka mota inazalisha umeme ambao haukupangiwa.

Rehema: Na anafunga wapi?

Fundi Juma: Swali zuri. Kupandisha, anatumia ile pete ya kuvutia inayokaa pamoja na jeki. Inafungwa kwenye tundu nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa, na iingie mpaka mwisho. Baadhi zinafungwa kinyume na nati za kawaida, usilazimishe. Gari likishakaa juu, mikanda inapita kwenye matairi, pembe zote nne. Ukiona mnyororo umezungushwa kwenye mkono wa usukani au shafti, msimamishe hapo hapo. Vyuma hivyo havikutengenezwa kubeba mvuto wa upande, na vikipinda alaimenti haikai tena sawa.

Fundi Juma: Na wewe mwenye gari usisimame kwenye mstari wa waya wa winchi. Ukikatika unarudi kama kiboko.

Mama Neema: Na kama ni betri tu? Kubusti, yaani kuliwasha kwa umeme wa betri ya gari lingine, ni dakika tano, hapo pia nitoe?

Fundi Juma: Kubusti kila mtu anajidai anajua. Tazama mpangilio wake. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozima, mbali na betri. Cheche hutokea pale pa mwisho, na betri hutoa hewa inayowaka. Kutoa waya ni kinyume chake. Na lori la volti 24 lisibusti gari la volti 12 hata kwa dakika moja.

Fundi Juma: Sasa tofauti ya dereva na dereva: wa kawaida injini ikiwaka anaondoka. Mzuri anaweka mita kwenye betri huku injini inaunguruma. Akisoma kati ya volti 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Akisoma 12 na kitu, anakwambia usiende mbali, litazima tena. Huyo amekuokolea tukio la pili, na huduma nyingi zina ukomo wa matukio kwa mwaka. Dakika zake tano mpe hela ya soda.

Kassim: Sawa hapo nimekubali. Ila anayeharibu?

Rehema: Anayeharibu hapewi kitu, na karatasi yake usiisaini kimya kimya. Piga picha pembe nne, magurudumu na dashibodi kabla halijapanda, rudia likishashuka. Ikionekana kasoro, iandikwe kwenye fomu yake akiwa bado yupo.

Rehema: Tena msichanganye bakshishi na gharama za ziada. Winchi, kusubiri na kulipeleka gari sehemu ya pili mara nyingi zina bei yake. Uliza jumla kabla gari halijanyanyuliwa, na udai risiti. Bakshishi toa kando, isiingie kwenye risiti, maana bima haitakurudishia.

Baraka: Kuna wale wanaojitokeza kwenye ajali hata hawajaitwa.

Rehema: Hao hata bakshishi usiifikirie. Bei na gereji ya kwenda viandikwe kwanza, au usubiri wa bima. Na gari likivutwa kwa amri ya polisi usitoe chochote zaidi ya kilicho kwenye risiti. Pale hata asante yenye noti inaonekana vibaya.

Mzee Salum: Asiye na hela mfukoni je?

Rehema: Maji ya kunywa, mzee. Halafu piga simu ofisini kwao, taja namba ya tukio, umsifie.

Fundi Juma: Na umrahisishie kazi. Mizigo itoke kwenye buti kama tairi la akiba liko chini yake. Ufunguo wa gari uwe mkononi, usukani ufunguke na gia iingie N. Betri ikiwa imekufa kabisa, handibreki ya umeme haiachii mpaka ipate umeme, mwambie mapema kwenye simu. Kubwa kuliko yote ni kile kifunguo cha nati za kuzuia wizi. Kikikosekana, pancha ya robo saa inageuka safari ya bredauni.

Mama Neema: Kifunguo gani tena?

Fundi Juma: Kama soketi ndogo yenye meno ya ajabu. Tazama kwenye mfuko wa jeki, au kisanduku cha mbele ya abiria.

Kassim: Mama Neema kaenda kwenye gari, nasikia buti 😂

Mama Neema: Kwenye mfuko wa jeki hakuna.

Mama Neema: Nimekiona. Kimo ndani ya soksi, chini ya tairi la akiba.

Fundi Juma: Kihamishie mbele leo hii.