Theluji inayeyuka: watoto wavae nini, saa zikibadilika walale vipi, na madirisha ya zamani tuyafungueje?

mama_wawili (Saint Paul, Minnesota)

Habari za humu wakubwa. Nina wawili, mmoja ana miaka 4, mwingine miezi 16. Tumepanga ghorofa ya pili kwenye nyumba ya miaka ya 1940, madirisha ni yale ya mbao ya kupandisha na kushusha.

Theluji imeanza kuyeyuka na kila kitu kimevurugika. Asubuhi ni chini ya sifuri, saa nane mchana nyuzi 8, uwanja wote tope. Ovaroli za theluji zinaloa mpaka ndani, wakirudi soksi zinakamulika. Nikiwavisha makoti ya kawaida naona mepesi mno. Hilo la kwanza.

La pili, Jumapili ijayo saa zinasogezwa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka. Watoto wanalala saa mbili usiku, kuna namna ya kuwazoesha mapema?

La tatu, nataka kufungua madirisha hewa ya miezi mitano itoke. Kuna la kuangalia kabla?

shangazi_Turku (Ufini)

Mama wawili, la mavazi niachie mimi, maana huku chekechea zinawatoa watoto nje kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Kinachowalowesha sasa hivi ni maji, baridi siyo tatizo tena. Ovaroli ya theluji imetengenezwa kwa theluji kavu ya Januari. Mtoto akikaa kwenye theluji majimaji au akipiga magoti kwenye dimbwi, uzito wake unasukuma maji yapite kwenye mishono ya makalio na magoti, yanaingia kwenye pamba ya ndani na hayatoki. Ndiyo maana unakuta nje kumekauka kidogo na ndani kumejaa maji.

Unachohitaji ni suruali ya mvua yenye kanda za mabegani, inayofika kifuani. Igeuze ndani nje dukani uangalie mishono: inayofaa imeunganishwa kwa joto, haina matundu ya sindano. Ile iliyoshonwa kwa uzi mtupu itavuja magotini ndani ya wiki moja. Iwe na kanda mbili za mpira za kupitisha chini ya soli, maana mguu wa suruali lazima ukae JUU ya buti. Ukiuchomeka ndani ya buti, kila tone linalotiririka linaishia kwenye soksi. Ndipo penye siri ya soksi zako kukamulika.

Chini yake: fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, za sufu au za poliesta, halafu nguo moja ya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi. Asubuhi flisi inavaliwa, mchana inavuliwa, basi. Pamba usiiweke kwenye ngozi siku za hivi, ikilowa inashika maji na kumpoza mtoto. Juu kabisa koti la mvua lisilo na pamba ndani.

Buti za mpira: msimamishe mtoto kwenye karatasi jioni, chora mguu, pima urefu kutoka kisigino mpaka kidole kirefu, kisha ongeza sentimita 1 hadi 1.5. Hiyo nafasi ni ya soksi ya sufu na ya hewa. Buti ikibana, mguu utapata baridi hata kwa soksi mbili. Usizikaushe juu ya hita, mpira unapasuka. Jaza magazeti ndani, yabadilishe yakishaloa.

Suruali ya mvua haihitaji mashine kila siku. Mwingize bafuni akiwa ameivaa, mmiminie maji, ivue, itundike. Dawa ya kulainishia nguo na mashine ya kukaushia ndivyo vinavyoibambua ile ngozi ya nje.

Kujua kama amevaa sawa, usishike vidole wala pua, hivyo huwa baridi hata mtoto akiwa sawa. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo. Pakiwa pa joto na pakavu, mwache acheze. Pakiwa na jasho, umemzidishia, vua flisi. Pakiwa pa baridi, rudini ndani au ongeza nguo. Huyo wa miezi 16 mkague mara nyingi zaidi, kwa kuwa hakimbii kama kaka au dada yake, na hawezi kukuambia.

Ovaroli za theluji usizifungie kabatini bado, Machi haiaminiki. Siku ya kuzifungia ziwe zimekauka kabisa, na zile sponji za ndani ya buti za baridi zitolewe zikaushwe peke yake, la sivyo Oktoba utafungua boksi lenye ukungu.

fundi_mbao (Columbus, Ohio)

Mimi nitajibu la tatu, na naomba ulichukulie kwa uzito kuliko la matope. Madirisha ya nyumba hiyo yana hatari mbili.

Ya kwanza ni rangi. Nyumba za makazi zilizojengwa Marekani kabla ya 1978 zinaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa sababu ndio mwaka ilipopigwa marufuku majumbani. Ya miaka ya 1940, hesabu kwamba ipo mpaka ipimwe. Ukutani ikiwa haijabanduka haina shida kubwa. Shida ni dirisha la kupandisha: mbao zinasuguana kila ukifungua na kufunga, rangi inasagika kuwa vumbi, vumbi linadondoka kwenye ule mfereji wa chini na kwenye kizingiti. Majira yote ya baridi limetulia. Siku ya kwanza ya kufungua, upepo unalipuliza sakafuni, na anayetambaa sakafuni na kutia mikono mdomoni ni huyo wa miezi 16.

Fanya hivi, watoto wakiwa chumba kingine na mlango umefungwa:

Tandika plastiki chini ya dirisha. Andaa ndoo mbili, moja ya maji na sabuni ya kawaida, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia, na karatasi nene za jikoni. Lowesha kizingiti kabla hujagusa chochote. Pandisha dirisha polepole. Mfereji ufute kwa karatasi iliyolowa, ukivuta kuelekea upande mmoja tu, kisha itupe. Usiirudishe kwenye maji ya sabuni. Rudia kwa karatasi mpya mpaka itoke safi, halafu suuza kwa maji ya ile ndoo ya pili. Maliza kwa kupiga deki sakafu yote ya chumba. Plastiki ikunje kwa ndani, itupe. Maji machafu yamwage chooni, siyo bustanini. Usichanganye jiki na sabuni yenye amonia, gesi yake inaumiza mapafu.

Ufagio mkavu, hapana. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi pia hapana, inalitoa vumbi laini kwa nyuma. Labda iwe yenye chujio la HEPA, linalonasa vumbi laini. Na mtu yeyote asikwangue wala kupiga msasa mkavu. Rudia kufuta kila wiki muda wote mnaofungua madirisha, na vitu vya kuchezea vinavyokaa karibu na dirisha vioshwe pamoja na chuchu za bandia. Viatu viachwe mlangoni, kwani udongo wa karibu na kuta za nyumba hizi nao huwa umepokea rangi iliyobanduka nje.

Kama madirisha ya nusu ya juu yanashuka, tumia hayo. Unapata hewa na unapunguza hatari ya pili, ambayo ni mtoto kuanguka.

Wavu wa mbu unazuia mbu tu. Umebanwa kwa nguvu ndogo sana, mtoto wa miaka 4 akiuegemea unatoka naye. Ghorofa ya pili hilo si la kubahatisha. Weka kizuizi kinacholizuia dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10, au vyuma vya dirishani ambavyo nafasi kati ya chuma na chuma haizidi hizo hizo sentimita 10. Chagua vile ambavyo mtu mzima anaweza kuvifungua kwa mkono bila funguo wala bisibisi, maana moto ukiwaka dirisha la chumba cha kulala ndiyo njia ya kutokea. Kisha sogeza kitanda, kochi na lile sanduku la midoli mbali na dirisha. Watoto hawapandi dirisha, wanapanda kochi.

nesi_wa_zamu (Minneapolis)

Naongezea kwa fundi: muulize daktari wa watoto kama mdogo alipimwa risasi kwenye damu alipofika miezi 12. Kipimo kingine hufanywa kwenye miezi 24. Watoto walio kwenye Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) wanatakiwa kupimwa umri huo wote miwili, na mkubwa wako kama hakuwahi kupimwa bado anaweza. Kiwango ambacho CDC, taasisi ya kitaifa ya kudhibiti magonjwa, inakitumia tangu 2021 kuwatambua watoto wa kufuatiliwa ni mikrogramu 3.5 kwa desilita. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mtoto anaweza asioneshe dalili yoyote. Kwa hiyo kusema "mbona anacheza vizuri" si kipimo.

Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha husaidia mwili usifyonze risasi nyingi. Dagaa, maharage, mboga za majani, maziwa. Tumbo tupu hufyonza zaidi. Na nitalisema kwa sababu najua majumbani mwetu: wanja wa kuletwa kutoka nje, ule wa kumpaka mtoto machoni, mara nyingine wenyewe ndio una risasi. Uacheni.

Saa. Hapa Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku inarukia saa tisa. Anayelala saa mbili, mwili wake utakuwa bado uko saa moja, ndiyo maana atakaa macho. Anza Jumatano: mlaze saa 1:45, Alhamisi 1:30, Ijumaa 1:15, Jumamosi 1:00. Jumapili saa mpya itasoma 2:00 na yeye atakuwa palepale. Usisogeze usingizi wa usiku peke yake. Chakula cha jioni, kuoga, kulala mchana na kuamka asubuhi vyote visogee dakika hizo hizo 15, vinginevyo haitashika. Asubuhi fungua mapazia mapema na uwatoe nje, mwanga wa asubuhi ndio unaovuta usingizi wa usiku uje mapema. Jioni zima taa kali na televisheni saa moja kabla. Mapazia mazito yanunue sasa, maana kufikia mwisho wa Aprili saa mbili usiku bado kutakuwa na mwanga nje.

Mtoto akipitwa na wiki bila kuzoea, msimwongezee dawa yoyote ya usingizi bila daktari.

Vitamini D endelea nayo, usiache kwa kuwa jua limetoka. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza, na watoto bado wamefunikwa mpaka shingoni. Mapendekezo ya madaktari wa watoto hapa ni uniti 600 kwa siku kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, na 400 kwa aliye chini ya mwaka. Usizidishe kwa kufidia siku ulizosahau.

Kwenye gari: flisi na koti la mvua jembamba havina tatizo, koti nene ndilo baya, linaacha mikanda imelegea. Funga mikanda ya kiti, kisha jaribu kubana mkanda kwa vidole kwenye mfupa wa bega. Ukiweza kuukunja, umelegea. Kibanio cha kifuani kikae usawa wa kwapa.

mama_wawili

Shikamoo shangazi, na asanteni nyote. Kumbe nilikuwa nachomeka suruali ndani ya buti! Fundi, mwenye nyumba anasema tununue rangi tupake wenyewe juu ya ile ya zamani, atatukata kwenye kodi. Nikubali?

shangazi_Turku (Ufini)

Marahaba mwanangu.

fundi_mbao (Columbus, Ohio)

Dada, usikubali. Kupaka juu ya mbao zinazosuguana hakusaidii, rangi mpya itasagika na ya zamani chini yake. Na kabla ya kupaka mtu lazima akwangue, hapo ndipo sumu inapotoka kwa wingi. Kwa nyumba ya kupangisha ya kabla ya 1978, kanuni ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inataka kazi inayogusa zaidi ya futi 6 za mraba kwenye chumba kimoja, au kubadilisha dirisha kwa ukubwa wowote, ifanywe na aliyethibitishwa kwa kazi za risasi. Hiyo ni juu ya mwenye nyumba. Isitoshe, kabla hamjasaini mkataba alitakiwa awape kijitabu cha risasi na kuwaandikia anachojua kuhusu rangi ya nyumba. Angalia kwenye makaratasi yako kama kipo.

Mwandikie, usimpigie simu. Taja madirisha yapi, piga picha ya rangi iliyobanduka na ya vumbi la kwenye mfereji, weka tarehe. Asipojibu, ofisi ya afya ya kaunti yako ndiyo pa kuuliza habari za ukaguzi.

nesi_wa_zamu (Minneapolis)

Na moja la nje, nimelisahau. Barafu ya ziwani mwezi huu isiguswe na mtoto, hata kama wavuvi bado mnawaona juu yake. Kipimo cha inchi 4 cha mtu kutembea ni cha barafu mpya, ngumu, inayong'aa. Ya Machi imeyeyuka na kuganda mara nyingi, imejaa matundu ya maji, inaweza kuwa nene na bado isikubebe.

Theluji ikiisha kwenye majani, kupe nao wanaamka, hawasubiri joto la Juni. Jioni wakague nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, makwapani, kitovuni, kinenani na nyuma ya magoti. Kwa watoto wetu wenye nywele zilizosukwa, pitisha vidole kwenye kila njia ya kichwa. Ukimkuta, shika kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu bila kusokota. Msimpake mafuta wala msimchome kwa kiberiti. Nguo kavu ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali dakika 10 kabla ya kufuliwa, isipokuwa ile suruali ya shangazi, hiyo ifuteni kwa kitambaa.