Vinu vya upepo kati ya Elementaita na Nakuru: turuhusu au tukatae?

Mtazama Ndege, Gilgil

Wenzangu, umeme wa upepo siupingi hata kidogo. Ninachokataa ni mahali. Ukanda wa kutoka Elementaita hadi Ziwa Nakuru usisimamishwe kinu hata kimoja, awe ni mwekezaji wa kutoka wapi.

Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yalitiwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2011, na ndege ni sababu kubwa. Chukua mwari mweupe. Anataga kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita, ila samaki anawafuata Nakuru, kisha anarudi kulisha makinda. Njiani hapigi mabawa ovyo. Anangoja jua lipashe ardhi, anapandishwa na hewa ya moto, halafu anateleza. Ndege mzito hivyo hakwepi panga la kinu kwa ghafla. Tumbusi wa Rüppell, wanaozalia kwenye magenge ya Hell's Gate, wanaruka vivyo hivyo, na tangu 2015 wamo katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka.

Najua mtanitajia shamba la vinu la Kipeto kule Kajiado, megawati 100. Pale wameajiriwa watu wa kutazama angani. Tumbusi akikaribia, kinu kinazimwa. Kazi safi, heko kwao. Lakini heroe huhama ziwa hadi ziwa usiku. Saa nne usiku na darubini yako, utamwona nani?

Fundi Stima, Section 58

Kaka, unalilia mapanga ambayo hayajaja, na nyaya zilizopo zinaua leo. Tai akitua kwenye nguzo, bawa moja likigusa waya huu na jingine waya ule, kwisha. Nguzo hizo tunazisimamisha kila kijiji na hakuna anayelalamika. Tuvike nyaya ganda la kuzuia umeme, tutundike vibao vya kung'aa karibu na maziwa ndege wazione, ndipo tuongee habari ya vinu.

Mama Mwariki

Mimi Ziwa Nakuru limenifuata mpaka nyumbani, nikahama. Mvua zimelijaza, magadi yamezimuliwa, mwani wanaoula heroe ukapungua, nao wakaenda zao Bogoria. Nani aliwafukuza, kinu? Ikiwa upepo utapunguza moshi wa dizeli, jengeni hata kesho.

Mtazama Ndege, Gilgil

Pole sana mama, na kuhusu heroe kuhama umesema kweli tupu. Ila ndege aliyekwisha kubanwa na maji usimwongezee panga. Na dizeli ipi? Mvuke wa ardhini wa Olkaria uko kaunti hii hii yetu, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya tayari inatoka kwenye mvuke, maji na upepo. Wenye kutaka upepo mkali, Loiyangalani kuna vinu 365, megawati 310.

Fundi, la nyaya nakubali. Kila kinu kinakuja na nyaya zake, kwa hiyo umenisaidia hoja.

Jamaa wa Dunga, Kisumu

Si mvipeleke majini basi? Denmark walijenga baharini tangu 1991.

Mtazama Ndege, Gilgil

Vindeby, ndiyo, vinu 11. Na huko Denmark rada zimeonyesha mabata bahari wengi wanavizunguka vinu badala ya kupita katikati. Lakini bata si tumbusi. Kule Smøla, Norway, tai wamegongwa miaka na miaka, hadi watafiti wakapaka panga moja la kinu rangi nyeusi ili lionekane, vifo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 70. Vinu vyenyewe vilivyopakwa vilikuwa vinne tu, kwa hiyo tusikimbilie kununua rangi. Ukivipeleka pwani yetu, kuna Mida Creek na ndege wanaokuja kutoka Urusi. Ukivileta Ziwa Victoria, wewe wa Dunga utatega nyavu wapi?

Jamaa wa Dunga, Kisumu

Hapo umenifunga mdomo. Vibaki huko kwenu.

Fundi Stima, Section 58

Tathmini ya athari kwa mazingira ikifika NEMA, mamlaka ya mazingira, umma unaruhusiwa kutoa maoni. Andika barua: ndege wahesabiwe usiku kwa rada, msimu wa mvua na wa kiangazi. Nitatia sahihi. Lakini nguzo za zamani zikiachwa nje ya barua hiyo, sahihi yangu usiihesabu.