Nyumba ya kihistoria kundi C, kijijini Aberdeenshire: naruhusiwa kubadili madirisha?

binti_wa_baridi
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya Uskoti. Mimi na mume wangu tuko mbioni kununua kijumba cha mawe kijijini huko Aberdeenshire, paa la sleti, kuta nene utadhani ngome, na bei tumeelewana. Sasa kumbe nyumba iko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, kundi C. Mwenye nyumba anasema C ndo ya chini kabisa, wanachoangalia ni sura ya mbele tu, ndani fanya utakavyo, na yeye mwenyewe madirisha ya nyuma kashaweka ya plastiki na hajawahi kuulizwa na mtu. Sisi tunataka tutoe ukuta kati ya jiko na sebule, mbele nako tuweke plastiki maana yale ya mbao upepo unapita mpaka pazia linacheza, alafu kuna kibanda cha mawe nyuma kimeinama tunataka kukibomoa.

Kingine kilichonichanganya, orodha yenyewe imepangwa kwa parokia! Humo kuna kanisa, nyumba ya mchungaji, daraja la mawe, nyumba ya njiwa (jamani njiwa), na kijumba cha mviringo makaburini. Ina maana ruhusa naenda kuomba kanisani??

fundi_chokaa
Dada usisaini chochote kwanza. Huyo mwenye nyumba ama hajui ama anajua sana.

Nimefanya kazi na waashi wa nyumba za hivi huko miaka kadhaa, hii ya "C ni nje tu" nimeisikia mpaka nimechoka. Herufi A, B na C zinaonyesha uzito wa jengo, lakini sheria ni ileile ya majengo ya kihistoria ya Uskoti ya 1997 kwa zote, na inashika nje na ndani, ngazi, milango, dari, meko, hata kama maelezo ya kwenye orodha hayajataja. Maelezo ya zamani mengine ni mistari miwili tu, yaliandikwa ili jengo litambulike, sio kuhesabu kila msumari. Kuna orodha za karibuni ambazo zinasema waziwazi sehemu fulani haihusiki, ila kama kwako haijaandikwa hivyo basi hesabu kila kitu kimo.

Kibanda nacho kama kiko ndani ya eneo la nyumba na kilijengwa kabla ya tarehe 1 Julai 1948 kinaweza kuwa kimelindwa pamoja na nyumba. Usiguse.

Ruhusa unaomba halmashauri, idara ya mipango, sio kanisani wala sio Historic Environment Scotland, japo hao ndo wenye orodha. Na huo ukuta wa jikoni huenda ukahitaji pia kibali cha ujenzi, ni karatasi nyingine kabisa, watu wanapata moja wanadhani wamemaliza.

Sasa hapa ndo pa kuogopa: yale ya plastiki ya nyuma. Kama aliweka bila kibali, kosa la jinai ni lake yeye aliyefanya, lakini amri ya kuyatoa na kurudisha ya mbao inaweza kukuangukia wewe mmiliki mpya, na haina muda wa kuisha, hata ipite miaka ishirini. Mwambie wakili wako adai hicho kibali kwa maandishi kabla hamjafunga mkataba.

Upepo usikutishe. Madirisha ya mbao yanafanyiwa matengenezo, yanawekewa brashi pembeni, alafu kioo cha pili kwa ndani, joto linabaki. Na angalia lipu ya nje kama ni simenti, kuta zile zinataka chokaa zipumue, ukizifunga kwa simenti unyevu unarudi ndani na utalaumu madirisha bure.

mzee_ramani
Fundi kamaliza, mimi nijibu la parokia maana ndo ugonjwa wangu. Mwanangu, hizo ni parokia za kiserikali. Zamani zilikuwa na mabaraza yake, yakafutwa 1930, ila mipaka ikabaki kwenye kumbukumbu, na walipoanza kuorodhesha majengo baada ya sheria ya mipango ya 1947 wakapanga kijijini kwa parokia na mjini kwa mji. Kwahiyo ni kama jina la faili tu.

Njiwa usiwacheke. Walikuwa nyama ya wenye ardhi, na walikula nafaka za wakulima wa jirani, mpaka 1617 ikatungwa sheria kwamba anayejenga nyumba ya njiwa awe na ardhi ya kutosha karibu, yaani njiwa wale shamba lake mwenyewe kwanza.

Na hicho kijumba cha mviringo, kama uko upande wa Udny basi nakijua. Kilikuwa cha kuhifadhia maiti zisiibwe na kuuzwa kwa wanafunzi wa udaktari. Ndani kuna jukwaa la mbao linalozunguka, linabeba majeneza saba, likiingia jipya wanasukuma, mpaka la kwanza lirudi mlangoni mwili ushaharibika hauuziki tena, ndo wanazika. Kichekesho ni kwamba kilijengwa 1832, mwaka huohuo ikapita sheria ya kuwapa madaktari maiti kihalali, biashara ya wezi ikafa. Wanakijiji pesa imeshatoka.

mtu_huru
Yani nyumba ununue kwa pauni zako alafu uombe ruhusa ya kutoa ukuta wa jikoni? Mimi ningebomoa usiku.

fundi_chokaa
@mtu_huru kijiji cha watu wachache hivyo, lori la kifusi likipita asubuhi kila mtu kashajua limetoka kwa nani.

binti_wa_baridi
Shikamoo mzee, na asante sana fundi. Nimempigia wakili leo, kamuuliza muuzaji kuhusu madirisha ya nyuma, jibu eti "yaliwekwa zamani". Kibali hakuna. Mume wangu anasema tumwambie ashushe bei au ayabadili yeye kwanza, mimi nataka ayabadili yeye. Fundi, akirudisha ya mbao bila kuomba tena si tutakuwa palepale?

fundi_chokaa
Ndiyo, aombe. Na waje na mchoro wa yale ya mbele wayafananishe.