Ushauri: Naenda Ulaya Julai, salio la benki liwe shilingi ngapi ili nipate viza?

Mgeni wa Posta: Wakuu, habari za jioni. Mwaka huu kazi zimepungua, nina nafasi ambayo sijawahi kuipata, nikaona bora nikatembee Ulaya. Usiku 14: Roma 6, Florence 3, Paris 3, Amsterdam 2. Naondoka 6 Julai. Viza naombea kwa Wadachi (Uholanzi) kwa sababu ndege inatua kwao, Amsterdam. Swali ni moja tu: akaunti iwe na shilingi ngapi ili wasininyime? Usingizi sipati.

Kiberenge: Julai Roma joto linafika 35, kwa hiyo matembezi ni asubuhi na jioni. Roma hadi Florence treni ya mwendokasi ni kama saa moja na nusu, kata mapema maana bei inapanda kadiri siku zinavyokaribia. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani igonge kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, la sivyo unapigwa faini na tiketi unayo mkononi. Florence hadi Paris hakuna treni ya moja kwa moja, unabadilisha Milano au Torino na siku nzima inaishia njiani. Makumbusho ya Louvre ya Paris, Jumanne wanafunga.

Tabata Mwisho: Hizo hela si ungenunua kiwanja Chanika? Ulaya haihami.

Mama Kheri: Mleta mada, salio halina namba moja, kila nchi ina kiwango chake cha matumizi kwa siku. Wanachosoma ni mwendo wa hela wa miezi 3 hadi 6: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka. Milioni 10 zilizotua wiki jana bila maelezo zinakuharibia kuliko salio dogo.

Halafu umekosea ubalozi. Viza inaombwa nchi utakayolala siku nyingi, na Italia unalala 9. Nchi ya kutua inahesabika pale tu siku zikilingana. Bima iwe ya angalau euro 30,000, ada ni euro 90 na hairudi hata ukinyimwa. Barua ya mwajiri itaje tarehe ya kurudi kazini. Mbona kuhusu kazi umepita haraka?

Mgeni wa Posta: Kazi ipo. Imepungua tu.

Jicho Kali: Imepunguaje? Uko likizo au umepunguzwa?

Mgeni wa Posta: Haya. Toka Januari nafanya nusu siku, na mkataba unaisha 30 Juni. Wamesema huenda wakaniongezea. Jamaa wa utumishi amekubali kuniandikia kwamba narudi kazini 23 Julai. Tiketi nimeshalipia, haibadiliki. Sioni tatizo, si barua tu?

Jicho Kali: Hii chai. Mshahara nusu, nchi tatu, tiketi kabla ya viza? Ngoja tuone, kesho ataibuka "wakala" humu na namba ya wasap. Weka picha ya tiketi, jina ficha.

Mgeni wa Posta: Picha siweki. Kama huna ushauri pita kimya.

Tabata Mwisho: Chai yenyewe ina tangawizi.

Mama Kheri: Iwe chai isiwe chai, jibu litamfaa mwingine. Barua hiyo usiipeleke. Ubalozi wanaweza kupiga simu ofisini, na anayepokea ni mapokezi, siyo rafiki yako. Ukikutwa na hati ya uongo unanyimwa, na kumbukumbu inakaa miaka 5 kwenye mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja.

Peleka mkataba wenyewe na barua ya kweli: kazi ipo hadi 30 Juni, mazungumzo ya kuongeza yanaendelea. Kwenye fomu yao ya kukataa kuna kisanduku cha shaka kwamba hutaondoka kabla viza haijaisha, na wewe ndicho kinachokusubiri. Kwa hiyo jazia: hati ya nyumba au kiwanja, cheti cha ndoa, barua ya shule ya watoto. Una biashara? Leseni, TIN, usajili wa BRELA. Vilivyo kwa Kiswahili vitafsiriwe. Tiketi iliyolipiwa haikuongezei kitu, buking ingetosha.

Tabata Mwisho: Kumbe kiwanja cha Chanika kingemsaidia hadi ubalozini 😂

Kiberenge: Tiketi iache ilivyo. Viza ya Italia inakuruhusu kuingilia Amsterdam, ila uhamiaji unapita hapo hapo Schiphol, uwanja wao wa ndege, Roma unashuka kama abiria wa ndege ya ndani. Foleni Julai ni ndefu, acha saa tatu kati ya ndege na ndege. Karatasi za hoteli ya Roma na bima zikae kwenye begi la mkononi, maana ofisa wa Kidachi atakuuliza kwa nini una viza ya jirani.

Mgeni wa Posta: Sawa, miadi ya Wadachi naifuta. Ya barua bado natafakari.

Mama Kheri: Usifute kabla hujapata ya Waitaliano. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na wenzio wa Julai wameshaingia. Majibu ni siku 15, wakitaka nyongeza zinafika 45. Hesabu kurudi nyuma kutoka 6 Julai.