Naomba ushauri: jirani anabadili matumizi ya kiwanja ajenge apatimenti

Habari zenu wakuu. Niko Tanga mjini, mtaa wetu ni viwanja vya ujazo mdogo, nyumba za chini na miembe tu. Sasa jirani kauza kiwanja na aliyenunua anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kwenda makazi biashara, anataka apatimenti ghorofa nne. Nimejua juzi tu nilipokuta karatasi imegundishwa kwenye nguzo ya umeme, mvua imeshailamba nusu na tarehe ya mwisho ya pingamizi ndo hiyo imefutika!

Mi sipingi maendeleo jamani, ila huku hakuna bomba la majitaka, kila mtu na shimo lake, likijaa unaita gari la kunyonya, na barabara yenyewe gari mbili zikikutana moja lazima irudi rivasi. Halafu madirisha yote yatachungulia uani anapoanikia nguo bi mkubwa.

Mjumbe anapitisha fomu tusaini fasta fasta, nimemkwepa mara mbili.

Aliyewahi kupitia hii, pingamizi napeleka moja kwa moja kwa afisa mipangomiji wa halmashauri au lazima nianzie serikali ya mtaa? Na tuandike barua moja majirani wote au kila mtu yake?